Kuthibitisha na Kuhakiki: Filamu ya Mauaji ya Zelevet na Lugha ya Magazeti

Neno "kuthibitisha" limechakaa katika magazeti ya Kiswahili. Kamanda wa polisi "athibitisha" kutokea kwa ajali; daktari "athibitisha" kupokea majeruhi; waziri "athibitisha" kwamba sukari ipo ya kutosha. Katika mifano yote mitatu lililofanyika ni kusema tu. Msomaji apewa kauli ya mtu mmoja, nayo imekwisha vikwa joho la ushahidi kabla hajaipima. Wanafunzi wa uandishi wa habari wanaofundishwa uchunguzi kwa Kiswahili huanza kazi na neno hilo mkononi, wala si ajabu baadhi yao wakidhani kwamba kumpigia mkubwa simu ndiko kuthibitisha.

Kwa sababu hiyo filamu fupi "Anatomy of a Killing", iliyotolewa na BBC Africa Eye Septemba 2018, yastahili kutazamwa na wanalugha, isiachiwe mafundi wa kompyuta peke yao. Asili yake ni video iliyoenea Julai mwaka huo: askari wawaongoza wanawake wawili na watoto wawili katika njia ya vumbi, wawafunga macho, kisha wawaua kwa risasi. Serikali ya Kameruni ilijibu kuwa huo ni uzushi.

Ubora wa filamu umo katika mpango wa hoja zake. Sekunde 40 za mwanzo za video zaonyesha safu ya milima. Watafiti waliitafuta kwa muda mrefu bila kuipata, hata mtu mmoja wa Kameruni akawadokeza watazame karibu na Zelevet. Hapo ndipo mwandishi mzembe angeandika "imethibitishwa". Wao waliuchukua udokezi ule kuwa dira tu, wakailinganisha safu ile na picha za setilaiti, kilele kwa kilele. Majengo yaliliweka tukio kati ya Novemba 2014 na Februari 2016. Njia ya miguu, ionekanayo wakati wa kiangazi tu, ikapunguza miezi. Vivuli vya askari, vilivyopimwa mithili ya saa ya jua, vikaleta muda kati ya 20 Machi na 5 Aprili 2015. Zaidi ya hapo filamu haikudai kitu. Siku hizo 17 zilizoachwa wazi ndizo sifa yake kubwa, maana mtazamaji aonyeshwa ujuzi unapokoma.

Sehemu ya majina ya askari haina nguvu ile ile. Mlima mtu aweza kuulinganisha mwenyewe. Lakabu haina kilele. Filamu ingalipunguza mwendo hapo, nayo badala yake yaongeza.

Kiswahili hakikosi maneno ya kazi hii. "Kuhakiki" latumika kwa msomaji wa fasihi na kwa afisa akaguaye vyeti, na kote laagiza kutazama kitu chenyewe, si kumsikiliza mwenye kitu. "Riwaya" nayo, ambayo leo ni hadithi ya kubuni, katika Kiarabu ni upokezi wa habari kutoka kwa mtu hata mtu. Na wanavyuoni wa Hadithi hawakuikubali riwaya bila kuwataja wapokezi wake na kuwapima mmoja mmoja. Mwalimu wa uandishi wa habari angeweza kuanzia hapo: kamanda "aeleza" au "akiri", mwandishi "ahakiki", na "kuthibitika" kuwekewe matokeo peke yake. Wako watakaosema kwamba mazoea ya magazeti hayageuzwi na wanasarufi. Huenda ni kweli, ila wahariri waliyaanzisha mazoea hayo, na wahariri wafundishika.

Lau gazeti lingaliandika mwaka 2018, "Serikali imethibitisha kuwa video ile ni ya uongo," hakuna mhariri ambaye angaliona kosa katika sentensi hiyo. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi ya Kameruni iliwahukumu askari wanne kifungo cha miaka 10 kila mmoja kwa mauaji yale.