SAUTI NENE ISIYOSIKIWA: MAZUNGUMZO YA WAPIGA BESI WA BUSIA NA TORORO

Uhakiki wa nyimbo katika madarasa yetu ya Kiswahili unachechemea. Mwalimu huandika maneno ya wimbo ubaoni, akauliza dhamira, ujumbe, tamathali za usemi na nafsi inayosema, kisha akafuta ubao. Wimbo umegeuzwa shairi, na shairi lenyewe limegeuzwa habari. Muziki, ambao ndio uliowafanya watu waukumbuke wimbo huo miaka arobaini, umeachwa nje ya mlango.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba zimo ndani ya wimbo sauti ambazo hubadili maana ya maneno, na kwamba mwenye kuhakiki bila ya kuzisikia huhakiki nusu ya kazi. Tunakusudia pia kuonyesha kwamba wapo watu, wala si walimu, ambao wamekwisha kuzijadili sauti hizo kwa Kiswahili kilichokomaa. Watu hao ni wapiga gitaa la besi wa Busia na Tororo.

Busia ni jina la miji miwili inayotazamana, mmoja Kenya na wa pili Uganda. Mpaka wa huko ulitokana na uamuzi wa Waingereza wa mwaka 1902 wa kuuondoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Uamuzi huo haukuwauliza Wasamia wala Wateso, na hadi leo wako pande zote mbili. Kaskazini ya Busia uko mji wa Tororo, chini ya mwamba wake maarufu, penye reli itokayo Malaba. Huko wapo Wapadhola, ambao lugha yao ni jamaa ya Kiluo cha Kenya. Kwa hiyo benga ilipovuma kutoka pwani za Ziwa Viktoria haikufika kwao kama mgeni kabisa. Bendi moja ya sehemu hizo yaweza kuwa na Mteso kwenye ngoma, Msamia kwenye solo na Mpadhola kwenye besi. Katika mazoezi, lugha inayowakutanisha aghalabu ni Kiswahili.

Muziki wenyewe haukujali mpaka. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati, Tanzania, mwaka 1940 na kufariki Kisumu mwaka 2006, aliifanyia kazi benga nchini Kenya hata akahesabiwa miongoni mwa wakuu wake. Samba Mapangala alitoka Kongo, akaunda bendi ya Les Kinois mjini Kampala katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1977 akahamia Nairobi. Njia ya kutoka Kampala kwenda Nairobi ni ya Malaba au ya Busia. Hivyo nchi tunayoizungumzia ni njia kuu ya magitaa, si pembe iliyosahauliwa.

Wapiga besi wa miji hii wakikutana huzungumza mambo matatu: ala, vifaa vya kubadili sauti, na wapigaji.

Tuanze na ala. Gitaa la besi la umeme lilienea duniani baada ya Leo Fender wa Marekani kutoa lake mwaka 1951. Lina nyuzi nne, na ule ulio mnene kuliko zote hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Siku hizi wengi, hasa wanaopiga makanisani, hutaka gitaa la nyuzi tano, ambalo uzi wake wa ziada hushuka hadi kama mara 31. Wapigaji hubishana: je, uzi wa tano ni haja au ni pambo? Wenye kuutetea husema kwaya ya leo hupandisha na kushusha funguo kiasi kwamba nyuzi nne hazitoshi. Wenye kuupinga husema aliyeshindwa kusema kwa nyuzi nne hatasema kwa tano. Mwalimu wa fasihi ataitambua hoja hii mara moja: ni ndugu ya ule ubishi wa miaka ya 1970 juu ya vina na mizani. Nao uliuliza kama kanuni humbana msanii au humsaidia.

Hata hivyo besi haikuzaliwa mwaka 1951. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akaigonga kwenye ubao wa ala huku vidole vya mkono vikitembea nyuzini. Akogo ya Wateso hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, na ile kubwa huchukua sauti nene. Adungu, iliyoenea katika shule za Uganda kutoka kaskazini ya nchi hiyo, nayo ina ile kubwa kupita zote ambayo kazi yake ni hiyo hiyo. Wapadhola wana ngoma ndefu iitwayo fumbo. Kwa masikio ya Mswahili jina hilo lina maana nyingine, nayo inafaa: sauti nene ni fumbo ambalo wasikilizaji wengi hawalifumbui. Kwa hiyo kijana wa Tororo anaposhika gitaa la besi hashiki kitu kigeni kitupu. Anashika kazi ya zamani kwa chombo kipya.

Jambo la pili ni vifaa. Vipo visanduku vinavyokanyagwa kwa mguu: kimoja hutia mwangwi, kingine hutia mkwaruzo, cha tatu huifanya sauti iwe kama ya nyuzi mbili zinazotetemeka pamoja, cha nne huyasawazisha mapigo ili kubwa lisimeze dogo. Hapa tunawaona wapigaji wa makundi mawili. Kundi la kwanza huona kwamba besi bila ya vifaa hivyo ni chakula bila ya chumvi. Kundi la pili, nalo aghalabu ni la waliolelewa katika benga na rumba, huona kwamba sauti imo katika kidole. Sisi tunaelekea kwa kundi la pili, ila hatuna budi kukiri haki ya la kwanza: chumvi si kosa, kosa ni kudhani chumvi ni chakula. Mkwaruzo ukitiwa mahali pake waweza kuleta hasira ambayo maneno hayakuitaja. Ukitiwa kila mahali, umekuwa kama tamathali iliyorudiwa katika kila ubeti hata ikafa.

Jambo la tatu ni wapigaji, na hapa tuna lawama. Wapigaji wetu hutaja majina ya Marekani kama Jaco Pastorius na Marcus Miller kwa wepesi, na wanastahili kutajwa. Lakini ukiuliza ni nani aliyepiga besi katika sahani za benga ambazo wazazi wao walizichezea, wengi hunyamaza. Kosa si lao peke yao. Lebo za sahani zile kwa kawaida zilibeba jina la bendi na la mtunzi, mpiga besi akabaki bila jina. Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tumetazama vilivyoelea, yaani sauti ya mwimbaji na solo, tukamsahau aliyeunda.

Jina moja ambalo halikupotea ni la Tom Malanga. Mwaka 1978 yeye, Omar Shabani na Rashid Juma walitoka katika Simba Wanyika wakaunda Les Wanyika mjini Nairobi. Wimbo wao “Sina Makosa” wa mwishoni mwa miaka ya 1970 hupigwa hadi leo katika arusi na baa za pande zote mbili za mpaka, na hufundishwa katika madarasa ya Kiswahili. Na tuuchukue uwe mfano wetu.

Kwa maneno, wimbo huu ni utetezi. Mtu amesimama mbele ya bwana mwenye hasira, anakana kosa, anajieleza. Mwanafunzi anayesoma maneno peke yake atasema: msemaji ana hofu, anaomba kunusurika. Jibu hilo ni sahihi kwa maandishi. Sasa tuisikilize besi. Mstari wa besi wa wimbo huu unajitegemea, kiasi kwamba mtu aweza kuuimba kwa mdomo bila ya kutamka neno lolote, na wasikilizaji wakaujua wimbo. Una mwendo wa utulivu, una vituo vyake, unarudi ulikotoka kama kibwagizo. Haukimbii. Mtu mwenye hofu hupumua kwa haraka. Mtu huyu, tukimpima kwa besi, anapumua kwa raha.

Basi tuna swali ambalo maandishi hayakutupa. Je, utulivu huo ni wa mtu asiye na hatia, ambaye dhamiri yake imelala salama? Au ni wa mjanja aliyezoea kujitetea, ambaye hata hofu yake ni ya kuigiza? Maneno yanasema “sina makosa”, na besi inatuacha tuamue kama tutasadiki. Hiki ndicho tunachokiita kejeli katika fasihi, nacho hakimo katika maneno. Kimo baina ya maneno na sauti nene. Mwalimu asiyeisikilizisha besi amewanyima wanafunzi wake swali bora kuliko yote yaliyomo katika wimbo huo.

Benga ni kinyume. Humo besi haikai kimya nyuma ya mwimbaji. Hukatakata, ikaacha pengo pale mguu unapotarajia pigo, kisha ikapanda kuzungumza na solo kama watu wawili wanaodakizana sokoni. Waimbaji wakinyamaza na magitaa yakashika uwanja, besi ndiyo inayomlazimisha mchezaji asogeze bega. Kwa hiyo katika rumba ya Les Wanyika besi ni kituo cha shairi, na katika benga ni mjibizanaji. Mhakiki atakayeandika kwamba zote mbili “zina mdundo mzuri” hajasema kitu.

Tunafika katika suala la lugha, ambalo ni letu hasa. Wapiga besi hawa wanatufundisha mambo kadhaa. Kwanza, wao husema sauti nene na sauti nyembamba. Baadhi ya vitabu vya muziki husema sauti ya chini na ya juu, na mwanafunzi akadhani ya chini ni ya kunong’ona. Besi yaweza kutikisa bati la nyumba. Ni nene, si ya chini. Pili, wao hupiga gitaa. Kucheza ni kazi ya miguu ya wasikilizaji. Wanafunzi wetu wanaoandika “anacheza gitaa” wameitafsiri lugha nyingine neno kwa neno, na yafaa wasahihishwe. Tatu, husema besi “imekaa” ikiwa mapigo yake yameshikamana na ngoma, na “inaelea” ikiwa hayajashikamana. Hizi ni istilahi za uhakiki zilizo wazi, zimezaliwa kazini, wala hazikuhitaji kamati. Sisi tunaweza kuziongezea zetu za ushairi: kituo, mizani, kibwagizo, urari. Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi cha mwaka 1954, alilifungamanisha shairi na wimbo kwa nguvu. Basi si ajabu istilahi za shairi zikirudi kwa wimbo, zinarudi kwao.

Huenda mwalimu mwenzetu akauliza: mtihani hauulizi besi, nami nina kipindi kimoja tu, kwa nini nihangaike? Tunajibu kwamba mtihani huuliza athari ya wimbo kwa hadhira, na athari hiyo haiwezi kuelezwa kwa maneno peke yake. Lakini iko taabu ya kweli. Walimu wengi huusikilizisha wimbo kwa simu ya mkononi. Spika ndogo ya simu haiwezi kuzitoa vizuri sauti zinazotetemeka mara 41, wala 55, kwa sekunde. Huyatoa maneno na solo, na besi ikabaki kivuli. Darasa linadhani limeusikia wimbo, kumbe limesikia nusu. Dawa yake si ghali. Spika kubwa ya kuazima kanisani au kwa mwenye duka inatosha. Ikikosekana, mwalimu na aligawe darasa makundi matatu: moja liimbe maneno, la pili lipige makofi, la tatu liimbe mstari wa besi kwa mdomo. Kisha kundi la tatu linyamaze ghafla, na wanafunzi waseme ni kitu gani kimepungua katika maana.

Jambo hili lina uzito zaidi mpakani. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wa Tororo na Busia ya Uganda wataletewa Kiswahili katika vitabu, na wengine watakiona kama amri nyingine iliyotoka mbali. Ilhali mtaani kwao, katika mazoezi ya bendi jioni, wapo watu wanaobishana kwa Kiswahili kuhusu uzi wa tano, kuhusu mwangwi, kuhusu kama besi imekaa au inaelea. Mwalimu akimkaribisha mmoja wao darasani kwa saa moja, wanafunzi wataona kwamba lugha hii ina kazi kwao kabla ya kuwa na mtihani.

Nao wapiga besi tunawaomba jambo moja: waandike majina. Kila anayejua ni nani aliyepiga besi katika sahani fulani na alimkumbuka kwa nini, na aandike kwa Kiswahili, nasi walimu tusahihishe herufi na kuhifadhi. Wazee wanaokumbuka wanazidi kupungua.