Tumbo la Jitu na Tumbo Letu

Waulize wanafunzi wa Kiswahili hadithi fupi waipendayo kuliko zote, na wengi watakujibu papo kwa papo: "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed. Si ajabu. Diwani iliyobeba jina la hadithi hiyo, iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kutolewa mwaka 2016, ilikuwa kitabu teule katika shule za sekondari za Kenya hadi 2022. Na mwandishi mwenyewe si mgeni: ndiye wa Asali Chungu, ndiye wa Utengano, ndiye aliyetupa pia mkusanyiko wa hadithi fupi, Si Shetani Si Wazimu (1985). Jina lake pekee latosha kukufanya ufungue kitabu.

Mimi pia nampenda. Lakini hadithi ninayoipenda zaidi imo humo humo ndani ya diwani ile, na mwandishi wake hatajwi sana: "Shibe Inatumaliza" ya Salma Omar Hamad. Hebu nijaribu kueleza kwa nini.

Tuanze na Said. Wakazi wa Madongoporomoka wanaishi kwa hofu ya kunyang'anywa ardhi yao, na Mzee Mago ndiye anayewahimiza wasimame pamoja. Siku moja jitu linaingia mkahawani, linafagia chakula chote, kisha linaahidi kurudi. Kinachofuata ni mabuldoza. Mwandishi amechukua kitenzi kimoja, kula, ambacho sisi tunakitumia kwa ugali, kwa rushwa na kwa mali ya yatima, akakipa mwili, tena mwili mnene hasa! Kabla ya kuimeza ardhi, jitu linamaliza masufuria. Msomaji hahitaji kuhubiriwa, anaona mwenyewe. Huo ni usanii wa hali ya juu, na anayeusifu sibishani naye.

Ila tazama viambishi. Jitu huchukua li-, na tumbo vilevile: lisiloshiba. Ni lile, liko kule, limekuja na gari lake kutuonea. Sisi wasomaji tunakaa upande wa Mzee Mago tangu mwanzo hadi mwisho, mikono yetu misafi. Ndiyo maana hadithi inapendeza kusoma. Inatukasirisha, lakini haituulizi kitu.

Sasa mgeukie Salma. Katika anwani yake kuna -tu-: inatumaliza. Inamaliza nani? Sisi! Mzee Mambo anaandaa sherehe kubwa kwa mambo ya nyumbani kwake, na gharama inabebwa na serikali. Sasa na Mbura wanakwenda, wanajipakulia, wanakula, na huku wanakula wanaongea. Akili wanazo. Wanajua chakula kimetoka wapi. Wanachekeshana juu yake, kisha wanaongeza sahani nyingine. Hapa hakuna jitu lililovamia mkahawa wa mtu. Kuna wageni waalikwa, kuna muziki, kuna furaha, na nchi inaliwa taratibu kwa kijiko.

Mtu ataniambia: "Lakini bwana, Sasa na Mbura ni wakubwa wa serikali. Hao si sisi." Ni hoja nzito. Hata hivyo, mwandishi hakuwapa lugha ya wakubwa. Mazungumzo yao ni yale yale ya mezani tunayoyasikia arusini, pale ambapo kila mgeni anajua mshahara wa mwenye shughuli hautoshi hata kukodi viti, na hakuna anayeweka sahani chini. Nani kati yetu hajawahi kushiba shibe ya namna hiyo?

Watu wengine watasema Said ana matumaini, kwa kuwa watu wa Madongoporomoka hawakubali kushindwa, ilhali Salma anatuacha na kicheko kichungu. Ni kweli. Lakini matumaini ya kumfukuza jitu ni mepesi kuliko kazi ya kukataa mwaliko.

Kosa kubwa, kwa mtazamo wangu, ni la miongozo ya mitihani. Ukifungua mwongozo utakuta dhamira: ufisadi, ubinafsi, matumizi mabaya ya mamlaka. Hadithi zote mbili zinaingia kwenye orodha moja na kutoka zikiwa zimefanana kama mapacha. Hapo tofauti ya li- na -tu- imekwenda na maji, nayo ndiyo roho ya jambo lenyewe: moja inatuonyesha adui, nyingine inatuonyesha kioo. Basi mwanafunzi anapoambiwa achague aipendayo, anachagua ile yenye jina kwenye jalada.

Mimi nimechagua kioo. Si kwa sababu Salma Omar Hamad ni fundi kumshinda Said, hilo sijalisema. Nimechagua hadithi isiyoniruhusu kujiona mwema bure. Anayenipinga na ashike kalamu, ila kwanza asome hadithi zote mbili tena, bila mwongozo mkononi.