Besi Isimamapo Mbele

Katika kundi la wapiga muziki, gitaa la besi ni kama msingi wa nyumba: hubeba yote, wala halisifiwi. Masikio humfuata mwimbaji, kisha gitaa la sauti ya juu. Ni wachache waulizao ni nani aichezeshaye miguu yao. Ndivyo ilivyo katika benga isikikayo Bahati na Nakuru, na ndivyo ilivyo katika nchi nyingi. Basi mpiga besi atoapo santuri kwa jina lake mwenyewe, yatupasa kuuliza: je, msingi waweza kuwa nyumba?

Jaco Pastorius alijibu swali hilo mwaka 1976. Alikuwa Mmarekani, aliyezaliwa mwaka 1951 na kukulia Fort Lauderdale, katika jimbo la Florida. Gitaa lake la umeme lilikuwa na shingo laini, lisilo na vile vyuma vyembamba vinavyomwonyesha mpigaji mahali pa kuweka kidole. Hasara yake ni kwamba kidole kikikosea kwa upana wa punje ya wimbi, sauti hupotoka. Faida yake ni kwamba kidole kikiteleza juu ya uzi, sauti hulia kama koo la mwanadamu. Aliyepata kusikia orutu ya Waluo ataelewa mara moja, maana orutu nayo haina vyuma hivyo.

Santuri hiyo, iliyoitwa kwa jina lake, ina tungo tisa, wala hazifanani. Katika ya kwanza, “Donna Lee”, besi inachukua wimbo wa jazi uliozoeleka kwa saksafoni, ikisindikizwa na ngoma za Don Alias tu. Ya pili ni ya kucheza, nayo inaimbwa na Sam na Dave. “Opus Pocus” ina ngoma za chuma za namna ya Trinidad. “Okonkolé y Trompa” imepewa jina la ngoma ndogo kuliko zote katika ngoma za bata, ambazo Wayoruba walizifikisha Kuba. Juu ya mdundo wake unaorudiarudia baragumu linaimba kwa utulivu.

Huenda ukasema, msomaji, kwamba mshika mbili moja humponyoka. Sembuse mshika tisa! Onyo hilo ni la haki. Ziko santuri nyingi zinazochanganya kila kitu, nazo hazibaki moyoni, kwa kuwa mwenyewe hajulikani yuko wapi. Lakini Pastorius hakushika mambo tisa. Alishika moja, yaani sauti ya besi yake, akaipeleka mahali tisa. Mtu mmoja akitembelea nyumba tisa hawi watu tisa.

Hata hivyo sisifu yote. Katika wimbo wa pili waimbaji wanatawala, na besi inarudi kazini kwake kwa zamani. Ni wimbo mzuri, lakini ungeweza kutolewa na bendi nyingine yoyote hodari.

Utungo bora, kwa maoni yangu, ni “Portrait of Tracy”. Hapo besi iko peke yake. Kidole hakiukandamizi uzi. Huugusa kidogo tu mahali maalumu, kama vile katikati yake, na uzi ule mnene hutoa sauti ya juu iliyo nyororo kama kengele ya mbali. Hapana haraka wala majivuno. Chombo kilichodhaniwa kuwa cha kunguruma tu chaonekana kilikuwa na uwezo huo siku zote, kikimngoja mwenye subira.

Pastorius alifariki mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 35. Santuri yake yatufundisha kwamba kuchota katika visima vingi si kosa. Kosa ni kwenda bila chombo chako mwenyewe. Nawe, uishiye penye lugha nyingi na nyimbo nyingi, una visima vya kutosha.

Basi utakapoisikia benga tena, mwache mwimbaji kwa muda. Ifuate besi peke yake, tangu mwanzo hata mwisho, uone inavyojibizana na magitaa. Ukiisha kuisikia hivyo, uliza jina la aliyeipiga.