Ngumi Zinataka Paa

Nianze na hukumu nisije nikaisahau: kumweka bondia Hassan Mwakinyo katikati ya nyasi za Uwanja wa Uhuru, Dar, Novemba 29, 2019, lilikuwa kosa la kiufundi. Pointi za majaji mlizibishania hadi mkachoka, mimi sizigusi. Ugomvi wangu ni wa mahali.

Uhuru ni uwanja wa mpira. Ukifunga kamba za ulingo pale katikati, aliyekata tiketi ya jukwaani anaona vichwa viwili na glavu. Ile ngumi fupi ya mbavu, inayommaliza mtu taratibu, haioni kabisa. Anasubiri walio mbele wapige kelele ndipo naye apige. Na kelele zenyewe hazirudi. Zinapanda angani zinapotea, bondia aliyechoka raundi ya nane hapati hata nusu ya kile alichostahili kupewa na watu wake.

Halafu hali ya hewa. Novemba Dar ni vuli. Hata sisi wa Igamba mwezi huo hatuaniki nguo bila kutazama juu, seuze kuanika pambano la kimataifa! Ulingo wa nje unadai paa lake, paa linadai nguzo, na nguzo inasimama mbele ya macho ya mtu aliyelipa. Turubai likishika unyevu, anayeishi kwa kuingia na kutoka amekwisha nyang'anywa miguu.

Arnel Tinampay wa Ufilipino, aliyepigana na Mwakinyo siku hiyo, alikuwa mpinzani mzuri, waliomleta walichagua vyema.

Ila walisahau jina la Mwakinyo lilitengenezwa wapi. Septemba 8, 2018, Birmingham, Uingereza, Sam Eggington akiwa kwao, raundi ya pili, kazi ikaisha. Ukumbi wa pambano lile ulifunguliwa 1991, katikati ya jiji, kando ya mifereji, ukiitwa National Indoor Arena. Umebadilishwa jina mara kadhaa (siku ile ulikuwa Arena Birmingham), lakini kazi haikubadilika: umebeba riadha ya ndani ya dunia 2003 na tena 2018, badminton, mazoezi ya viungo, ngumi. Taa zinaning'inia darini, viti vinasogezwa hadi mguuni pa ulingo. Mgeni akimpiga mwenyeji humo, wote wameona.

Mtaniambia Dar hatuna cha namna hiyo. Jibu langu ni hili: Francis Cheka alitwaa mkanda wa WBF mbele ya Mmarekani Phil Williams Agosti 30, 2013 ndani ya Diamond Jubilee, Upanga. Ukumbi wa harusi, ndiyo. Mdogo, ndiyo. Lakini ukuta ulirudisha kila kelele kwa Cheka, na Cheka alijua kuzitumia. Vijana wa sasa wanataka kwanza picha ya umati iliyopigwa kutoka juu.

Wanaotetea Uhuru hushika idadi ya watu. Sawa, tuhesabu. Kigali walijenga ukumbi wa watu 10,000 Remera, jirani na uwanja wa Amahoro, kwa takriban miezi sita, wakaufungua Agosti 9, 2019. Hata miezi minne haikupita, sisi tukafunga kamba Uhuru huku tukichungulia mawingu.