Merikani na Kelele za Lowell

Mwanafunzi wa historia hukutana na neno merikani katika orodha ya bidhaa za misafara: shanga, waya wa shaba, merikani. Hulipita upesi, kana kwamba nguo hiyo haikuwa na mfumaji, ilhali jina lenyewe lamtaja. Ilikuwa nguo nzito ya pamba isiyopaushwa, iliyofumwa hasa Massachusetts na majimbo jirani, na kuletwa Unguja kwa majahazi makubwa ya wafanyabiashara wa Salem, zaidi baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani. Huko bara iligeuka kuwa fedha. Ilipimwa kwa mikono na doti. Ikalipia pembe za ndovu, posho ya wapagazi, hongo za watawala na, mara nyingine, binadamu.

Mji wa Lowell ulikuwa kitovu cha ufumaji wa jimbo hilo. Hapo mto Merrimack huporomoka kama mita 10, na maji yake yaligawanywa kwa mifereji ili kuzungusha mitambo. Kiwanda cha Boott, kilichoanzishwa mwaka 1835, kilifungwa katika miaka ya 1950, na tangu 1992 ni makumbusho.

Sehemu iliyo bora humo ni ukumbi wa kufumia. Mitambo 88 imepangwa safu kwa safu, na baadhi yake huendeshwa. Sakafu hutetemeka, mgeni hupewa vizibo vya masikio. Kwa dakika chache mwili wake hufahamu walichokivumilia wasichana wa mashambani kwa saa 12 na zaidi kila siku, wale waliogoma mwaka 1834 mishahara ilipopunguzwa, wakagoma tena 1836.

Mitambo hiyo, kwa kweli, ni ya mwanzo wa karne ya 20, na haisukumwi na maji bali umeme. Hilo si kosa la kulalamikia. Kasoro nzito ni kwamba mashine hujisemea yenyewe tu. Pamba ilivunwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Makumbusho hayafichi jambo hilo, lakini hulieleza kwa maandishi, kwa mgeni ambaye masikio yake bado yanavuma. Katika ushindani huo kelele hushinda, naye hutoka akiustaajabia ufundi kuliko kuliuliza jasho.

Mwisho wa pili wa uzi huo uko kwetu, na sisi nasi hatujauvuta vya kutosha. Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoikata pamba, merikani iliadimika Unguja, na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi yake. Mnunuzi wa bara hakupokea chochote alicholetewa: alipapasa, akapima uzito, akakataa iliyo hafifu. Hata hivyo jina lilibaki, na nguo iliyofumwa Bombay nayo ikaitwa merikani.