Injini Zinazochelewa Kuitika: Namna ya Kujifunza Kuirusha Boeing 727 Nyumbani

Simuleta ya urukaji ni programu ya kompyuta inayoiga mwenendo wa ndege hewani pamoja na swichi, geji na usukani wa chumba cha marubani, na imekuwa ikipatikana kwa watumiaji wa nyumbani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ingawa iliyoenea kuliko zote, Microsoft Flight Simulator, ilianza kutolewa mwaka 1982. Tangu hapo picha zake zimeboreshwa hadi milima na mawingu yakakaribia kufanana na ya kweli, lakini uzuri wa picha si ushahidi kwamba aliyeketi mbele ya skrini anairusha ndege kama wanavyoirusha wenye leseni. Kipimo kilicho bora ni kuangalia kama maamuzi anayoyafanya, kwa mpangilio na kwa wakati wake, ni yale ambayo ndege halisi ingemlazimisha kuyafanya. Kwa kipimo hicho ni ndege chache zinazofundisha vizuri kama Boeing 727, na hoja inayotetewa hapa ni moja, ambayo wanafunzi wengi huenda kinyume nayo: masomo yaanzie angani, kwenye uhusiano wa nguvu za injini na mkao wa pua ya ndege, kabla mwanafunzi hajagusa hata swichi moja ya kuwashia injini.

Boeing 727 iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 9 Februari 1963, ikaanza kubeba abiria Februari 1964, na hadi uundaji wake ulipokoma mwaka 1984 zilikuwa zimeundwa ndege 1,832. Ina injini 3 za Pratt & Whitney aina ya JT8D, zote zikiwa mkiani, ya katikati ikivuta hewa kupitia mfereji uliopinda unaoanzia mbele ya mkia wa wima. Mabawa yake yamelazwa nyuma kwa nyuzi 32 ili ndege imudu mwendo wa kasi, na kwa kuwa bawa la namna hiyo hunyanyua kwa shida kasi inapopungua, wabunifu waliliwekea vibawa vikubwa vya nyuma na vingine vya mbele, ambavyo vikitokeza hulipanua na kulipinda bawa hadi ndege iweze kutua kwenye viwanja vifupi. Katika chumba chake cha marubani huketi watu 3, yaani rubani mkuu, rubani msaidizi na mhandisi wa safari, na hakuna kompyuta ya kuwapigia hesabu ya wapi pa kuanza kushuka. Hesabu hiyo hufanywa kichwani.

Jambo linaloitawala tabia ya ndege hii, na ambalo mwanafunzi akilikosa hawezi kuelewa mengine, ni kwamba vibawa vikishushwa kikamilifu ukinzani wa hewa huwa mkubwa mno, huku injini zilizorudishwa kwenye nguvu ya chini kabisa zikihitaji sekunde kadhaa, hata kufikia 8, kabla ya kutoa tena msukumo wa kutosha. Ndege inayokaribia kiwanja kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3 hushuka takriban futi 700 kwa dakika, hivyo katika sekunde 8 hupoteza futi 93. Inayoshuka futi 2,300 kwa dakika hupoteza futi 307 katika muda huo huo, na hapo maji huwa yamezidi unga, kwa sababu anayeligundua kosa akiwa futi 300 juu ya ardhi hana tena nafasi ya kulisahihisha.

Kiwango hicho cha pili kimechukuliwa katika tukio la kweli. Tarehe 11 Novemba 1965, ndege ya safari nambari 227 ya United Airlines ilipokuwa ikikaribia Salt Lake City nchini Marekani, ilishuka kwa takriban futi 2,300 kwa dakika huku nguvu za injini zikiwa zimerudishwa chini. Rubani msaidizi alinyoosha mkono kutaka kuziongeza, rubani mkuu akamzuia, na zilipoongezwa hatimaye wakati ulikuwa umekwisha. Ndege iligonga ardhi futi 335 kabla ya kuifikia njia ya kutulia, bomba la mafuta likapasuka, na kati ya watu 91 waliokuwamo, 43 walipoteza maisha. Ndege yenyewe haikuwa na kasoro; kilichokuwa kigeni ni tabia yake kwa marubani waliokulia kwenye ndege za pangaboi, ambazo huitika papo hapo, kwani upepo wa pangaboi hupita juu ya bawa na kulinyanyua mara tu injini inapokazwa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya zoezi lolote, mwanafunzi anapaswa kuipima programu yenyewe. Aiweke ndege katika kimo cha salama, arudishe nguvu hadi chini kabisa, asubiri geji zitulie, kisha asukume nyenzo zote za nguvu mbele huku akihesabu sekunde. Injini zikipaa kwa kufumba na kufumbua, kielelezo hicho hakifai kwa mafunzo, hata kama rangi za chumba chake cha marubani zinavutia. X-Plane, iliyobuniwa na Austin Meyer, hukokotoa nguvu za hewa kwa kuligawa bawa katika vipande vidogo, na njia hiyo husaidia kupata mwenendo wa kuaminika. Hata hivyo, ucheleweshaji wa injini hutegemea uangalifu wa aliyekiunda kielelezo cha ndege husika, ndiyo maana kipimo cha saa ya mkononi hakina mbadala.

Baada ya hapo hufuata zoezi la jedwali. Ndege iwekwe futi 5,000, hewa ikiwa tulivu na uzito ukiwa pauni 140,000 hivi, otopailoti izimwe, na mwanafunzi ashike kimo hicho kwa noti 250, noti moja ikiwa mwendo wa maili moja ya baharini kwa saa. Kasi ikishatulia, aandike mkao wa pua unaoonyeshwa na geji ya upeo na kiasi cha mafuta yanayopita katika kila injini kwa saa. Kisha apunguze mwendo hatua kwa hatua, akijua kwamba kwa uzito usiozidi pauni 154,500 mwendo wa chini wa kuzungukia ni noti 200 bila vibawa, 190 vibawa vikiwa kwenye alama ya 2, 160 vikiwa kwenye 5 na 150 vikiwa kwenye 15, na katika kila hatua aandike tena mkao na mafuta. Mwisho ashushe magurudumu, aweke vibawa kwenye alama ya 30, na ateremke futi 700 kwa dakika. Kazi hii inachosha na haina cha kuwaonyesha marafiki, lakini ndiyo shina la ujuzi wote. Anayelijua jedwali lake huweka nguvu kwanza, kisha hutazama geji kuthibitisha. Asiyelijua hubaki kuifukuza mishale, akiongeza na kupunguza, na kwa kuwa injini huchelewa kuitika, kila sahihisho lake hufika wakati hitaji limekwisha kupita.

Hapa ndipo upungufu wa vifaa vya nyumbani unapojitokeza. Katika ndege halisi rubani huhisi mzigo wa usukani mikononi, na anapozungusha gurudumu la urari, yaani kifaa kinachobadilisha pembe ya bawa la mkiani ili usukani usihitaji kushikiliwa, mzigo huo hupungua hadi kuisha. Joistiki ya mezani ina springi isiyojua lolote kuhusu hewa, kwa hiyo mwanafunzi hana budi kujizoeza kurekebisha urari kidogo kidogo huku akiiachia joistiki irudi katikati. Vilevile mwili wake hauhisi kushuka wala kusukumwa kwenye kiti, na hisia hiyo haiwezi kununuliwa. Kilichobaki kuliziba pengo hilo ni sikio la kusikiliza mlio wa injini na jicho lisiloiacha geji ya kasi ya kushuka.

Geji za injini nazo zinahitaji kueleweka, si kutazamwa tu. Iliyo kuu huonyesha uwiano wa shinikizo la hewa kwenye ekzosi na shinikizo la hewa inayoingia mbele, na ndiyo hutumika kupanga nguvu za kurukia. Kwa kuwa ni uwiano, kipimo cha mbele kikizibwa na barafu geji husoma nguvu nyingi kuliko zilizopo. Ndivyo ilivyotokea Washington tarehe 13 Januari 1982, ndege ya Boeing 737-200 ya Air Florida, yenye injini za jamii hiyo hiyo ya JT8D, iliporuka katika theluji bila kuwashwa mfumo wa kuyeyusha barafu ya injini: geji zilisoma 2.04 huku nguvu halisi zikiwa takriban 1.70, ndege ikagonga daraja la mto Potomac na watu 78 wakafa. Mshale wa kasi ya mzunguko wa injini, uliokuwa jirani tu na geji hizo, ungeweza kuufichua uongo huo. Mwanafunzi wa nyumbani anaweza kujikinga na kosa hili kwa kujizoeza, katika kila kuruka, kulinganisha geji mbili kabla ndege haijafikia noti 80.

Paneli ya mhandisi wa safari ndiyo inayowavutia wengi na ndiyo inayowapoteza, kwani mtu anaweza kutumia wiki nzima akiwasha na kuzima mitambo bila kuruka. Kazi zake ni za maana sana, hata hivyo, zinaposomwa pamoja na sababu zake. Jenereta 3 za injini hufanya kazi kwa pamoja, hivyo kila moja huunganishwa pale tu taa mbili za ulandanishi zinapozimika, ishara kwamba mawimbi yake ya umeme yanakwenda sawia na ya mwenzake. Mafuta nayo yamo katika matenki 3, la katikati likiwa na mengi zaidi. Wakati wa kuruka kila tenki hulisha injini yake, na baadaye vali za kuvusha hufunguliwa ili la katikati lilishe injini zote hadi matenki yalingane.

Uzito wa kazi hiyo unajulikana vizuri Nairobi. Tarehe 20 Novemba 1974 ndege ya Boeing 747 ya Lufthansa iliruka kutoka uwanja wa jiji hilo huku vali zinazopitisha hewa ya shinikizo kutoka kwenye injini zikiwa zimefungwa, na kwa kuwa vibawa vya mbele vya ndege hiyo husukumwa na hewa hiyo, havikutokeza. Vibawa vya nyuma vilishuka kama kawaida, ndege ikainuka, ikashindwa kupanda, ikaanguka. Kati ya watu 157, 59 walifariki. Orodha ya ukaguzi, yaani maswali yanayosomwa kwa sauti na kujibiwa kwa kutazama swichi, iliwekwa kwa ajili ya kuikamata hitilafu kama hiyo. Anayeruka peke yake nyumbani aisome kwa sauti vilevile na aguse kwa kidole kila anachokitaja, maana hana mtu wa pili wa kumkosoa.

Baada ya hayo yote ndipo safari kamili inapofaa, na ya Mombasa hadi Nairobi, yenye maili za baharini zipatazo 230, ni nzuri mno kwa kuwa inaanzia karibu na usawa wa bahari na kuishia futi 5,330. Kanuni ya kushuka ni kuzidisha kila futi 1,000 za kupoteza kwa 3 ili kupata maili zinazohitajika, kisha kuongeza maili 10 za kupunguzia mwendo. Kutoka futi 28,000 zinapotezwa futi 22,700, ambazo zinataka maili 68, hivyo ndege ianze kushuka ikiwa na maili 78 mbele yake. Anayesahau kimo cha uwanja ataanza mapema kwa maili 16, na injini za JT8D hunywa mafuta mengi ndege inapokuwa chini. Hewa nyepesi ya Nairobi nayo ina deni lake: alasiri yenye joto la nyuzi 25, geji ikisoma noti 135 kasi halisi hukaribia 150, na kwa kuwa kiwango cha kushuka katika mteremko wa nyuzi 3 hupatikana kwa kuzidisha kasi ya ardhini kwa 5, futi zinazotakiwa ni 750 kwa dakika wala si zile 690 zilizozoeleka pwani.

Kufikia futi 1,000 juu ya uwanja, magurudumu yawe chini, vibawa viwe vimetulia, kasi iwe sahihi na injini ziwe juu ya nguvu ya chini kabisa. Kimoja kikikosekana, utuaji usitishwe na ndege izungushwe upya, hata kama njia inaonekana wazi na hakuna anayetazama.

Programu haiwezi kutoa kila kitu. East African Airways, shirika lililovunjika mwaka 1977, lilirusha ndege za Super VC10 zenye mhandisi wa safari, na baadhi ya waliofanya kazi hiyo ni wazee wetu ambao huenda kumbukumbu zao hazijaandikwa popote. Msomaji anayeishi Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, na ambaye anamfahamu mmoja wao, aende akamuulize namna alivyoyagawa mafuta yake na alivyoisikiliza injini, na ayaandike majibu yake.