Mchoro wa Tingatinga Mbele ya Kamera

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia hadibodi na rangi ya kung'aa ya kupaka baiskeli. Vilikuwa vifaa vya bei nafuu, na ndivyo vinavyomtesa mpiga picha hadi leo, maana rangi ile hurudisha mwanga kama kioo.

Chukua mchoro wa namna hiyo uupige picha hapa mjini Same, kivulini, saa nane mchana. Jua haliufikii, lakini mwanga unaodunda kwenye ardhi nyekundu unaufikia. Sehemu ya chini inaingia wekundu, ya juu inachukua ubluu wa anga, na krimu moja aliyoipaka mchoraji inatoka krimu mbili. Upandishe Mbaga, milimani, siku ya ukungu: krimu inatulia, ila mng'ao unatanda juu ya weusi wote na madoa ya chui aliyechorwa yanakuwa ya kijivu.

Studio ina dawa yake. Taa mbili, kila moja kwa nyuzi 45, filta za polaraiza kwenye taa na kwenye lenzi, kisha unazungusha ya lenzi mpaka mng'ao ufe. Weusi unazama, nyekundu inakolea, na mteja anasema imetoka kama ilivyo. Sikubaliani naye. Hakuna aliyewahi kuuona mchoro ule ukutani bila mng'ao wake. Tena kilichopotea ni kikubwa: kila doa la rangi lina ukingo ulioinuka kidogo, na kingo hizo ndizo zinazoonyesha brashi ilipita wapi kwanza na wapi baadaye. Ukizitaka, weka taa moja ubavuni, karibu ilale juu ya ubao. Hapo mikwaruzo na vumbi navyo vitajitokeza. Pigo moja halitoi vyote. Mpiga picha anaamua mtazamaji aone nini, na huko ni kufasiri.

Kwenye nyeusi na nyeupe uamuzi huo ni mzito zaidi. Nyekundu na kijani zinaweza kutoka kijivu kilekile, ndege mwekundu akamezwa na majani. Filta nyekundu humrudisha, lakini akiwa mweupe.

Mwaka 1999 mahakama moja ya New York, katika kesi ya Bridgeman na Corel, iliamua kwamba picha inayonakili mchoro kwa uaminifu haina ubunifu wa kulindwa na hakimiliki. Kwa sheria, uamuzi huo una faida: michoro ya kale inabaki mali ya wote. Kwa ufundi, haumwoni mtu aliyeshika taa.

Wahariri na wachapishaji, chini ya kila mchoro andikeni jina la mchoraji, la mpiga picha, na mwanga uliotumika.